Tuzo ni ya Shule, Kipawa ni cha Mtoto

Wapo wanaoamini kwamba mtoto huzaliwa na densi miguuni. Imani hii imeenea mno katika shule zetu, na kwa maoni yangu ndiyo inayotufanya tuwatupe watoto wetu mapema. Maadamu kipawa ni cha kuzaliwa nacho, tunajiambia, basi kazi ya mwalimu ni kukiokota kinapohitajika, kukipandisha jukwaani, na kukirudisha kilikotoka pindi tuzo inapotiwa kabatini.

Ndivyo inavyokuwa kila mwaka katika shule nyingi za Thika na Ruiru. Katika muhula wa kwanza, tamasha la drama linapokaribia, na tena katika muhula wa pili, tamasha la muziki linapobisha hodi, utawaona wanafunzi wakifanya mazoezi uwanjani hadi jua linapokuchwa. Ngoma inalia, vumbi linatimka, mwalimu amekauka sauti. Kikundi hupanda ngazi baada ya ngazi, kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, na wenye bahati hufika taifa. Kisha, kishinde au kishindwe, mambo huishia hapo. Mavazi hukunjwa, ngoma hufungiwa stoo, na yule msichana aliyewatoa waamuzi machozi hurejea kwenye dawati lake kana kwamba hakuna lililotendeka. Mwaka ufuatao, akiwa amekwisha kuhitimu, huokotwa mwingine. Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo haidumu. Hapa kwetu haidumu kwa sababu sisi wenyewe tumeipangia siku ya kufa.

Wala matamasha haya si mambo ya jana. La muziki lina mizizi yake katika mwaka 1927, na la drama mwaka 1959. Ni vizazi vingi vya watoto waliocheza, wakapigiwa makofi, wakasahauliwa. Ni haki basi tuulize: mcheza densi wa mashindano hupatikanaje hasa? Ili kulijibu swali hili nimemchagua mtu ambaye msomaji huenda hajapata kumsikia, aliyecheza mahali ambapo hakuna ngoma yetu iliyowahi kufika, yaani juu ya barafu.

Mtu huyo ni Robin Szolkowy. Alizaliwa tarehe 14 Julai 1979 katika mji wa Greifswald, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Ujerumani Mashariki. Mamake ni muuguzi Mjerumani, na babake ni daktari kutoka Tanzania. Mtoto huyu wa Mtanzania alikuja kuwa bingwa wa dunia mara tano katika mchezo wa kuteleza barafuni kwa jozi, akiwa na mwenzake Aljona Savchenko, na wawili hao walitwaa medali ya shaba katika Michezo ya Olimpiki mara mbili, mwaka 2010 na mwaka 2014.

Kwa wale wasioufahamu, mchezo wenyewe uko hivi. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba nyayoni na kucheza kwa kufuata muziki juu ya sakafu ya barafu, huku waamuzi wakiwatoza alama kwa kila kosa. Mashindano ya mwanamume na mwanamke wakicheza pamoja ni ya aina mbili. Ipo densi ya barafuni, iliyotokana na densi za ukumbini za Ulaya, ambamo mtu haruhusiwi kumrusha mwenzake wala kumwinua juu ya kichwa, na ushindi hutegemea hatua za miguu, ukaribu wa wachezaji na jinsi wanavyoutii muziki. Pia kuna mchezo wa jozi, ambamo mwanamume humwinua mwanamke juu kabisa, humrusha hewani akazunguka mara kadhaa, naye hutua kwa mguu mmoja tu. Jozi ziliingia katika Olimpiki mwaka 1908, na densi mwaka 1976. Szolkowy alikuwa mchezaji wa jozi.

Msomaji wa Kiambu hahitaji kuvuka bahari ili aelewe uzito wa kucheza wawili wawili. Mwomboko, waliouchezea ujana wao babu na nyanya zetu, ni densi ya jozi vilevile. Kodiani hulia, chuma cha karing'aring'a hugongwa, na wawili hao husonga na kugeuka kwa pamoja. Mmoja akikosea nusu hatua, aibu ni ya wote wawili. Tofauti ni kwamba barafuni anayekosea huanguka, na aliye mikononi mwake huanguka naye.

Sasa tuirudie ile imani yetu. Lau densi ya barafuni ingekuwa jambo la damu, nani angekwenda kuitafuta katika damu ya Mtanzania? Na atakayedai kwamba Szolkowy aliirithi kutoka kwa mamake, atuambie mbona mamilioni ya Wajerumani hawawezi hata kusimama juu ya barafu bila kushikiliwa. Jambo lililomfanya Szolkowy awe Szolkowy linaonekana kwa macho. Palikuwa na sakafu ya kuchezea, palikuwa na mwalimu, na palikuwa na miaka.

Hebu tuihesabu miaka hiyo. Alianza kuteleza akiwa mtoto mdogo. Alipotimiza miaka 18, umri ambao kwetu mwanafunzi huvua sare na kuambiwa kwaheri, hakuwa na medali yoyote ya ubingwa wa dunia. Mwaka 2003, akiwa amewahi kuwa bingwa wa jozi nchini mwake na mwenzake mwingine, aliungana na Savchenko, binti aliyetoka Ukraine, nao wakaanza kufundishwa na kocha Ingo Steuer katika mji wa Chemnitz. Mwaka 2006, kwenye Olimpiki ya Torino, walishika nafasi ya sita. Mwaka 2007 wakawa mabingwa wa Ulaya na kupata shaba ya dunia. Dhahabu ya dunia ilikuja mwaka 2008 huko Gothenburg, ikafuatwa na nyingine mwaka 2009, 2011, 2012 na 2014. Alipoipata ile ya kwanza alikuwa na umri wa miaka 28. Alipoipata ya mwisho alikuwa na miaka 34. Yaani kipindi chote cha ushindi wake kilikuja miaka kumi na zaidi baada ya umri ambao sisi humfutia mtoto jina lake katika orodha ya wachezaji.

Mwaka 2012, mjini Nice, wawili hao waliushinda ubingwa wa dunia kwa tofauti ya alama 0.11 pekee. Mwalimu aliyewahi kupoteza tamasha kwa nusu alama anajua maana ya hesabu hiyo. Sehemu hiyo ndogo ya alama haitokani na mazoezi ya wiki sita kabla ya mashindano. Ni mkono uliozoea kuushika mkono mwingine maelfu ya mara, asubuhi ambazo hapakuwa na mtazamaji yeyote.

Yapo na maanguko. Katika Olimpiki ya Sochi, Februari 2014, Szolkowy alianguka, na mwishoni mwa densi Savchenko naye akaanguka. Dhahabu waliyoingojea miaka yote ikawaponyoka, wakarudi na shaba. Wiki sita baadaye, huko Saitama nchini Japani, waliingia tena barafuni na kuutwaa ubingwa wa dunia mara ya tano. Kisha Szolkowy akastaafu na kuwa kocha, na Savchenko, akiwa na mwenzake mpya, akaipata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2018. Nawaomba walimu watafakari jambo hili. Lau kuanguka kule kungetokea katika shule yetu, wangapi kati yetu wangempa mtoto nafasi nyingine baada ya wiki sita? Wangapi wangesema tu kwamba ameiaibisha shule?

Kuna kisa kingine katika maisha ya mtu huyu ambacho kinatugusa kwa karibu. Katika Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, jozi hiyo ilicheza kwa muziki wa filamu Out of Africa, filamu ya mwaka 1985 iliyopigwa hapa Kenya kuhusu mkulima wa kahawa aliyeishi chini ya vilima vya Ngong. Mtoto wa Mtanzania aliwachezea walimwengu muziki wa filamu yenye mandhari ya Kenya, na akavikwa medali. Wakati huohuo, watoto wanaoishi karibu na mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika, wenye ngoma zao wenyewe, walikuwa wakirudi darasani na kuambiwa kwamba msimu umekwisha.

Najua msomaji makini atanikatiza hapa. Atasema kwamba Ujerumani Mashariki ilikuwa dola iliyotumia michezo kujitangaza, na kwamba si mfano mwema wa malezi ya watoto. Ni kweli tupu. Nchi hiyo ilijenga shule maalumu za michezo na kuwasaka watoto wenye vipawa tangu utotoni; lakini pia, kwa tamaa ya medali, iliwapa wanariadha wake dawa za kuongeza nguvu, wengine wakiwa watoto wasiojua walichomezeshwa. Baada ya Wajerumani kuungana mwaka 1990, mambo hayo yalithibitishwa mahakamani. Szolkowy alikuwa mtoto wa miaka 11 tu dola hiyo ilipokufa. Nami nayataja maovu hayo kwa makusudi, kwa maana yanatuonyesha mwisho wa njia ambayo sisi tunaikanyaga kwa hatua ndogo ndogo. Pale medali inapokuwa mali ya dola, au tuzo inapokuwa mali ya shule, mtoto hugeuka chombo cha kuitafutia, na chombo kikichakaa hutupwa.

Basi tutafute mfano kwingine. Katika mji wa Nottingham, Uingereza, palikuwa na karani wa bima aitwaye Jayne Torvill na polisi aitwaye Christopher Dean. Hawa ndio waliokuwa wacheza densi ya barafuni hasa. Walifanya mazoezi kabla na baada ya kazi, mpaka ikadhihirika kwamba mtu hawezi kuzitumikia ajira na densi kwa pamoja akafika kileleni. Waliziacha kazi zao, na halmashauri ya jiji lao ikawapa ruzuku ya kuwakimu ili wafanye mazoezi. Tarehe 14 Februari 1984, kwenye Olimpiki ya Sarajevo, walicheza Bolero ya Ravel. Muziki wao ulizidi muda ulioruhusiwa kwa sekunde chache. Lakini kwa kuwa saa ilianza kuhesabiwa pale chuma cha viatu kilipogusa barafu kwa kuteleza, walianza densi wakiwa wamepiga magoti, wakicheza kwa mikono na viwiliwili tu. Waamuzi wote tisa waliwapa alama 6.0 kwa usanii, alama ya juu kabisa ya wakati huo, na dhahabu ikawa yao.

Tuangalie aliyetoa fedha. Ilikuwa halmashauri ya mji, ile inayozoa taka na kutengeneza taa za barabarani, ikitambua kwamba wakazi wake wawili wana jambo linalostahili kugharamiwa. Kenya nasi tunayo sheria ya kutuwezesha. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za michezo na utamaduni pamoja na majengo na viwanja vyake. Thika na Ruiru zote ziko katika Kaunti ya Kiambu. Kwa hivyo mwalimu anayeulizia ukumbi wa watoto kufanyia mazoezi anadai kitu kilichoandikwa katika Katiba.

Haja yenyewe inazidi kila mwaka. Katika sensa ya mwaka 2009, mji wa Ruiru ulikuwa na zaidi ya watu 230,000. Kufikia sensa ya mwaka 2019 walikuwa takriban 490,000. Mji uliongezeka maradufu kwa miaka kumi. Nyumba za ghorofa zimeota kama uyoga kandokando ya barabara kuu ya Thika, na kila penye ghorofa mpya kuna watoto wapya. Msomaji ajiulize mwenyewe, katika mtaa anaoishi, ni sakafu ngapi mpya za kuchezea zilizojengwa katika muda huohuo.

Simdai mtu yeyote barafu ya Thika. Nairobi ilipata uwanja wa barafu mwaka 2005, katika hoteli moja kwenye barabara ya Mombasa, na waliokwenda huko waligundua kwamba barafu ni sakafu inayotengenezwa na mitambo hata chini ya jua la ikweta. Fundisho langu liko katika neno hilo sakafu. Mcheza densi wa Thika anahitaji ukumbi ulio wazi baada ya masomo, wenye sakafu isiyomchubua magoti, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Zaidi ya hapo anahitaji mwalimu atakayemwambia, tamasha likiisha, kwamba Jumatatu tunaendelea.

Wengine watasema kwamba hatuna muda, kwani mitihani inatusubiri. Nami nitawaelekeza Ruiru kwenyewe, katika kituo cha utafiti wa kahawa. Ugonjwa wa kuoza kwa buni ulipowatesa wakulima, wataalamu walianza mapema katika miaka ya 1970 kuzalisha aina mpya ya mbuni ustahimilivu. Walipandikiza, wakachagua, wakatupa, wakaanza upya. Mbuni huo, Ruiru 11, ulitolewa kwa wakulima mwaka 1985. Zaidi ya miaka kumi ilitumika juu ya mche mmoja, na hakuna mkulima mwenye busara anayesema leo kwamba muda ule ulipotea. Itakuwaje basi mji ulioweza kuungoja mbuni miaka kumi ushindwe kumngoja mtoto mitatu?

Isitoshe, mtaala wa umilisi umetufungulia mlango. Sekondari ya juu, inayoanzia Gredi ya 10, ina mikondo mitatu, na mmoja wao ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hatari iliyopo ni kwamba mkondo huu utageuzwa jaa la kuwatupia wale walioshindwa na hisabati. Mwalimu atakayemwambia mwanafunzi, "Wewe hujiwezi masomoni, nenda ukacheze," atakuwa ameua vitu viwili kwa neno moja: atakuwa amemvunja mtoto na kuidharau densi. Szolkowy na Savchenko walipima mwendo, uzito na muda kwa makini kuliko wengi wetu tunavyopima chochote. Kumrusha binadamu hewani, azunguke mara tatu, atue kwa mguu mmoja huku muziki ukiwa haujampita hata pigo moja, si kazi ya mvivu wa akili.

Ninayoyapendekeza ni machache, na mengi yanawezekana bila fedha nyingi. Kwanza, vikundi vya densi viendelee mwaka mzima, hata kama ni mara mbili kwa wiki, badala ya kufufuliwa kila tamasha linapokaribia. Pili, mwanafunzi anayehama kutoka shule ya msingi hadi sekondari ahame na rekodi yake ya densi, kama anavyohama na alama zake, ili mwalimu mpya asianze kumtafuta gizani. Tatu, saa ambazo mwalimu huzitumia katika mazoezi zihesabiwe kuwa kazi, maana kwa sasa wengi huzitoa kama sadaka. Nne, waliohitimu waalikwe kurudi kufundisha wadogo wao, kama Szolkowy alivyogeuka kocha alipostaafu. Tano, walimu na wazazi wa Thika na Ruiru waende pamoja kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, ambavyo wananchi wana haki ya kuhudhuria, waulize kumbi za umma zinafunguliwa saa ngapi na kwa ajili ya nani.

Nanyi wanafunzi, nina neno moja kwenu. Tuzo mliyoletea shule itakaa kabatini na kufunikwa na vumbi. Hiyo ni ada ya tuzo zote. Lakini hatua mlizojifunza hazimo kabatini. Ziko mwilini mwenu, na zitadumu kadiri mtakavyozizoeza. Msingoje kuitwa. Watatu wakikutana Jumamosi na kurudia walichofundishwa, hicho tayari ni kikundi. Na atakayeanguka mbele ya watu akumbuke kwamba bingwa wa dunia mara nne alianguka Sochi mbele ya ulimwengu mzima, kisha akawa bingwa mara ya tano.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo Waswahili wasemavyo. Methali hiyo haikusema kwamba hutunzwa siku ya tamasha pekee. Watu wa Nottingham waliwatunza wachezaji wao tangu kabla ya dhahabu, wakati ambapo hakuna aliyejua kama ingepatikana. Watoto wa Thika na Ruiru wanacheza kwao. Zamu ya kutunza ni yetu.